Vyumba Vinne, Wageni Wawili

Mama mmoja alifika na gunia la kuku sita, wawili wakiwa wamekufia njiani. Alikuwa ametoka Kinoo kwa matatu asubuhi hiyo ya Julai, ukungu ukiwa bado umelala juu ya miti ya Kabete, akatembea kutoka steji hadi maabara ndogo ya mifugo ambako nilikuwa nimeketi kwenye kona na daftari langu. Hakutaka mazungumzo marefu. "Daktari, wanahara damu. Niandikie tu ile dawa ya kutia kwenye maji nirudi."

Aliyeambiwa hivyo si daktari. Ni fundi wa maabara, mwanamke wa makamo aliyezoea kuitwa daktari na ambaye siku hizi hamsahihishi mtu. Alilipokea gunia kwa kulishika chini ili kuku wasibanane, akamvutia mama kiti. "Hata mimi nadhani najua, mama. Lakini silipwi kwa kudhani. Umekuja na kinyesi?" Mama alikuwa nacho kwenye mfuko wa maziwa uliofungwa kwa uzi, kikiwa kimechanganyika na maranda yaliyogandamana. Fundi akaufungua, akanusa, akaonekana kufurahi. "Cha leo asubuhi. Hapo umenisaidia."

Nilikuwa nimekwenda pale kuitazama kazi hiyo tu: kusoma kinyesi cha mnyama hadi kikutajie jina la anayemuua.

Upande wa magharibi wa Nairobi unafuga kuliko wanavyodhani wanaopita mbio kwenye barabara ya Waiyaki. Nyuma ya maduka ya Kangemi na Kawangware mna mabanda ya kuku wa gredi. Dagoretti na Uthiru mna ng'ombe wa maziwa wanaolishwa zizini, na ukielekea Kikuyu utakutana na nguruwe. Mayai, maziwa na nyama hushuka mjini, na dawa hupanda kutoka huko huko mjini, ambako duka la agroveti litakuuzia pakiti ya unga ukitaja neno moja tu, "kuhara." Swali la "ni nani anayewaharisha?" haliulizwi, maana wanaoweza kulijibu ni wachache na jibu lao huchukua muda.

Kabete imeishi na swali hilo kwa zaidi ya miaka mia moja. Serikali ya kikoloni iliweka hapa maabara yake ya utafiti wa mifugo, na R. Eustace Montgomery akaeleza ugonjwa wa kondoo wa Nairobi mwaka 1917, kisha homa ya nguruwe ya Afrika mwaka 1921. Leo maabara kuu za serikali za mifugo ziko Kabete, kitivo cha udaktari wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Kabete, na ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, iko jirani, Uthiru. Hata klabu ya gofu ya mtaa huo inaitwa Vet Lab. Chumba nilichoketi mimi hakimo katika orodha hiyo ya heshima. Kina meza mbili, sinki, friji kuukuu, na hadubini moja iliyofunikwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono kama redio ya nyanya.

Fundi alianza na kuku aliyekufa. Aliuvuta utumbo wote nje, akaunyoosha juu ya sinia kuanzia kwenye firigisi hadi mwisho, kisha akaupasua kwa mkasi mdogo bila kuukata vipande. Nilikuwa tayari nimeiona damu. Vile vifuko viwili vipofu vinavyoning'inia karibu na mwisho wa utumbo wa kuku vilikuwa vimevimba, vyekundu vilivyokolea, vimejaa damu iliyoganda.

"Usikimbilie damu," aliniambia. "Damu hupiga kelele. Nenda pole pole toka juu, uone nani mwingine yumo."

Vimelea wanaoleta koksidiosisi, ule ugonjwa wa kuhara damu wa kuku, ni wa jenasi ya Eimeria, na spishi zao saba hazichanganyi makazi. Ni kama abiria wa matatu moja ambao kila mmoja ana steji yake. Eimeria acervulina hushuka mapema, kwenye mkunjo wa kwanza wa utumbo mwembamba, akiacha mistari myeupe kama ngazi. Eimeria maxima huteremka katikati. Eimeria brunetti huenda hadi karibu na mwisho. Eimeria tenella haridhiki ila kwenye vile vifuko vipofu. Eimeria necatrix ndiye mjanja: huharibu katikati ya utumbo, kisha huenda kumalizia uzazi wake vifukoni, hivyo ukimtafuta mahali pamoja tu atakupoteza. Waliobaki wawili, mitis na praecox, hawaachi alama kubwa, nao hupuuzwa na wenye haraka. Ndiyo maana mkono wa fundi ulipita utumbo mzima, sentimita kwa sentimita, ingawa jibu lilionekana limelala wazi mwishoni mwa sinia.

Kisha akafanya jambo lililonishangaza. Aliuacha mfuko wa kinyesi pembeni, akachukua kioo cha slaidi na kukwangua kwa ukingo wake ukuta wa kile kifuko chenye damu. "Huyu amekufa mapema," alisema. "Kwenye kinyesi chake huenda hamna kitu."

Ili kumwelewa, lazima ujue safari ya kimelea huyu. Kuku humeza oosisti, kidonge kisichoonekana kwa macho, chenye ukuta mgumu. Wafugaji huziita mayai, na ingawa si mayai, neno hilo halipotoshi sana. Firigisi huusaga ukuta, nyongo na vimeng'enya humaliza kazi, na vimelea vilivyokuwa ndani hutoka na kujipenyeza kwenye chembe za ukuta wa utumbo. Hapo mmoja huwa wengi. Kwa Eimeria tenella, kizazi cha kwanza hukomaa kufikia siku ya tatu, kila kimelea kikizaa wapya 900 hivi. Hao hupasua chembe na kuingia nyingine, ndani zaidi, na kila mmoja huzaa tena 200 hadi 350. Kizazi hicho cha pili kinapopasuka, siku ya tano, mishipa ya damu hupasuka nacho. Baadaye tu ndipo hutokea dume na jike, ndipo hupatikana oosisti mpya, na hizo hutoka na kinyesi kuanzia siku ya sita au ya saba.

Hesabu mwenyewe. Damu ni siku ya tano, oosisti ni siku ya sita. Kuku dhaifu hufa katikati ya siku hizo mbili, na anayetegemea kinyesi peke yake atasema kuku huyu hakuwa na Eimeria. Fundi aliweka tone la maji ya chumvi hafifu juu ya ule mkwanguo, akashusha kifuniko cha kioo kwa pembe ili hewa isinaswe chini yake, akainama. Mkono wake wa kushoto ulisogeza slaidi na wa kulia haukuacha kuchezesha skrubu ndogo ya kulenga, mbele kidogo, nyuma kidogo. Baadaye alinieleza kwamba kitu chenye uhai kina unene, nao unene hauonekani ukitulia. Povu la hewa na punje ya chavua hujifichua kwa namna zinavyobadilika ukisogeza lenzi.

Alinipisha. Niliona bahari ya chembe nyekundu za damu, na katikati yake mafungu ya mifuko mikubwa ya mviringo, imejaa vijiti vyembamba vilivyopangwa kama ndizi kwenye chane. Hicho ndicho kizazi cha pili, kikiwa bado hakijapasuka. Oosisti hata moja haikuwapo.

Daktari wa mifugo aliyesimamia maabara aliitwa, akatazama, akaandika dawa. Mama aliondoka kabla ya saa sita akiwa na jibu lilelile alilokuja nalo. Nilidhani kazi imekwisha. Fundi alikuwa ndiyo kwanza anaufungua ule mfuko wa maziwa.

"Kuku tumemjua," alisema. "Banda bado."

Alipima gramu 4 za kinyesi, akazivuruga katika mililita 56 za maji yaliyokolea chumvi, akachuja kwa kichungi cha chai. Chumvi yake ni ya jikoni. Huitia kwenye maji ya moto hadi isiyeyuke tena, ibaki mchanga chini ya chupa, na hapo maji huwa mazito kiasi kwamba oosisti haziwezi kuzama. Uchafu hushuka, oosisti hupanda. Alijaza kwa pipeti kioo cha McMaster, chenye vyumba viwili vilivyochorwa mistari, akakiacha dakika tano zipite. Kisha akahesabu mstari kwa mstari, midomo ikitikisika bila sauti, kidole kikibonyeza kihesabio. Jumla ya vyumba vyote viwili mara 50 ni idadi ya oosisti katika gramu moja. Hakuhesabu mara moja. Alirudia kwa tone jingine, akaandika nambari zote mbili.

Maji hayo ya chumvi yana ubishi wake. Ukichelewa, chumvi huanza kuganda kama barafu juu ya kioo na ukuta wa oosisti hukunjamana. Na wako ambao chumvi huwaharibu sura kabisa. Giardia, kimelea chenye mikia kinachokaa utumboni mwa mbwa, ndama na watu, hubonyea kama mpira uliotoboka. Huyo hutafutwa kwa maji ya zinki salfeti, mepesi zaidi. Kwa hiyo kabla ya kuchukua chupa fundi huwa ameshajiuliza anamtarajia nani, na bado lazima aache mlango wazi kwa asiyemtarajia.

Chini ya kioo, oosisti za mama wa Kinoo zilikuwa za saizi mbili. Zipo za mikromita 22 kwa 19, ambazo zinalingana na tenella. Zipo kubwa za kufikia 30, ukuta wake una rangi ya manjano. Hizo ni za maxima. Halafu palikuwa na chache, nyeupe, karibu duara kamili, ambazo fundi alizitazama kwa muda mrefu kuliko zote. Alizipima kwa rula ndogo iliyo ndani ya lenzi. Akaandika kwenye daftari lake alama ya kuuliza, tena kwa kalamu ya risasi.

"Hizi ni za nani?" nikamuuliza.

"Hazijasema. Njoo keshokutwa."

Oosisti ikitoka tumboni ni kama barua iliyofungwa. Ndani mna donge moja tu, na donge la huyu linafanana na donge la yule. Ili iweze kuambukiza, inahitaji kukomaa nje ya mnyama: inataka unyevu, joto na hewa, na kwa Eimeria ya kuku inataka siku moja hadi mbili hivi. Banda lenye maranda yaliyolowa huipa vyote vitatu bure. Maabara humpa kimelea vitu vilevile kwa makusudi. Fundi alivaa glavu, akamimina oosisti zilizooshwa kwenye sahani ya petri, akaongeza maji ya potasiamu daikromati ya asilimia 2.5, yenye rangi ya chungwa kama sharubati. Ni sumu. Huua bakteria na ukungu wa kuvu ambao wangeiozesha sampuli, lakini ukuta wa oosisti haiwezi kuupenya. Kwa sababu hiyohiyo dawa za kawaida za kusafishia banda hazimfanyi kimelea huyu lolote. Kina cha maji kilikuwa kidogo mno, ili hewa ifike. Kwa baridi ya Kabete mwezi Julai, sahani iliingizwa kwenye kabati la joto. Kila alipopita, aliitikisa kidogo.

Siku ile ya kungoja alinifundisha ukoo wa hao wenyeji wa matumbo. Wataalamu wa zamani waliwapanga kwa mwendo wao. Wako wanaoogelea kwa mikia, kama Giardia. Wako wanaojivuta kwa kubadili umbo, kama amiba. Wako waliofunikwa vinyweleo vinavyopiga kasia kwa pamoja, kama Balantidium wa nguruwe, mkubwa hata anaonekana kwa lenzi ndogo akivuka kioo kama basi, kiini chake kimepinda kama haragwe. Na wako wasio na chombo cha mwendo kinachoonekana, wanaoishi ndani ya chembe za mwili na kusafiri wakiwa wamefungwa ukutani. Ndiyo akina Eimeria. Mwaka 1980 kamati ya wanasayansi ikiongozwa na Norman Levine iliwagawa protozoa wote katika faila saba. Tangu wakati huo usomaji wa jeni umeuvunja mpango huo na kuupanga upya mara kadhaa. Fundi hana ugomvi na jeni. "Lakini jeni haziko kwenye slaidi yangu," alisema. "Kwenye slaidi kuna umbo, saizi na saa."

Wengine wana hila ambazo ungedhani ni hadithi. Histomonas, anayeua bata mzinga kwa kuoza ini, hana ukuta wa kumlinda nje. Mwaka 1920 H. W. Graybill na Theobald Smith walionyesha anavyosafiri: hupanda ndani ya yai la mnyoo mdogo wa kuku. Kuku hubaki mzima, na bata mzinga anayefugwa naye ua mmoja hufa. Cryptosporidium naye ana mikromita 5 tu, mdogo kuliko chembe nyekundu ya damu, na jina lake lenyewe lina maana ya mbegu iliyofichika. Hupakwa rangi ileile ya Ziehl-Neelsen inayotafutia kifua kikuu, iliyorekebishwa kidogo, naye hujitokeza mwekundu juu ya uwanja wa buluu. Huyo hatazamwi kwa mzaha, kwani kutoka kwa ndama huhamia kwa watu. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2012 na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akiwemo Erastus Kang'ethe, pamoja na wenzao wa ILRI, zilimfuatilia hapa hapa Dagoretti, katika nyumba zinazofuga ng'ombe wa maziwa.

Nilimuuliza kama hachoki kutazama kinyesi. Akacheka. Akanikumbusha kwamba Antoni van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa nguo wa Delft aliyejitengenezea lenzi, aliona oosisti katika nyongo ya sungura mwaka 1674, na mwaka 1681 akaona Giardia katika choo chake mwenyewe. "Yeye alianza na chake. Mimi naletewa."

Siku ya tatu tulifungua sahani. Aliosha ile rangi ya chungwa, akaweka tone, akaongeza mafuta na lenzi kubwa. Zile barua zilikuwa zimefunguka. Ndani ya kila oosisti lile donge moja lilikuwa limegawanyika, na sasa kazi ilikuwa ya kuhesabu. Eimeria ni nyumba ya vyumba vinne, na kila chumba kina wageni wawili. Alinionyesha moja, akaichora: vyumba vinne vya umbo la mtama, wawili wawili wamelala mzungu wa nne, kichwa kwa miguu. Nyingine vivyo hivyo. Za manjano vivyo hivyo. Akasogeza slaidi hadi kwenye zile nyeupe za duara.

Alikaa kimya. Akachezesha skrubu. Akanipisha. Niliona vyumba viwili tu.

"Hesabu wageni."

Haikuwa rahisi; walipishana na kufunikana. Ilinibidi nishuke na lenzi tabaka kwa tabaka, kama anavyofanya yeye, hadi nikawapata: wanne katika chumba kimoja, wanne katika kingine.

"Jumla?"

"Wanane."

"Na Eimeria ni wangapi?"

Wanane pia. Nne mara mbili, mbili mara nne. Anayehesabu vichwa peke yake atasema ni ndugu. Anayehesabu vyumba atajua kuwa huyu ni Isospora, wala si wa kuku. Fundi alifuta ile alama ya kuuliza, akaandika neno moja juu yake kwa wino, kisha akampigia mama simu.

"Mama, banda lako lina shomoro?"

Upande wa pili palikuwa na kimya kifupi. Kisha sauti ikasema wavu ulitoboka upande wa nyuma tangu mvua za Aprili, ndege huingia kula chakula cha kuku, na kwa sababu ya baridi alikuwa amelifunika banda lote kwa magunia. Ndiyo maana maranda hayakauki. Fundi alimweleza bila kumlaumu: Isospora ya shomoro haimdhuru kuku, lakini shomoro anayeingia na hiyo anaweza kuingia na mengine. Azibe wavu. Ainue magunia mchana upepo upite. Atoe maranda yaliyolowa, hasa chini ya vyombo vya maji, kwa kuwa dawa aliyopewa inawatibu kuku lakini oosisti zilizo sakafuni haizigusi.

Mama aliposhuka kutoka matatu siku ile, alikuwa tayari na jibu sahihi. Fundi pia alilifikiria tangu alipoliona gunia. Nilichokiheshimu ni kwamba hakujiruhusu kulisema mpaka alipoliona, na hata baada ya kuliona hakuacha kutazama. Oosisti chache za duara, ambazo wengi wangezipita kwa kuwa jibu limekwisha kupatikana, zilimweleza habari za wavu uliotoboka Kinoo, yeye akiwa hajainuka kwenye kiti chake.

Nawe unayefuga, iwe kuku kumi au elfu, usisubiri kubeba mizoga. Okota kinyesi cha asubuhi hiyo, kiweke mahali pa baridi, kipeleke siku hiyo hiyo. Ukifika, taja siku kuhara kulipoanza, maana kwa mtu wa hadubini siku ni nusu ya jibu. Kisha ukiambiwa "njoo keshokutwa," rudi keshokutwa.